Adui Mwombee Nini? Kumsoma Michel Kayoya kati ya Muyinga na Gitega

Waswahili husema: adui mwombee njaa. Usemi huu tunaukuta mapema tunapojifunza lugha hii, mara nyingi katika utani wa mashabiki wa mpira au wa wanasiasa, na hakuna anayeshtuka. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Warumi, anataka kinyume chake: adui akishikwa na njaa, wewe ndiwe wa kumlisha. Yesu mwenyewe, katika mafundisho ya mlimani, anakwenda mbele zaidi, anadai adui apendwe na mtesi aombewe. Mkristo anayezungumza Kiswahili ana sauti hizi mbili masikioni, na kwa kawaida huitumia moja kanisani na nyingine mtaani.

Hapa Burundi ni vigumu kuzitenga namna hiyo. Katika miaka ya maafa, adui wa Mrundi alikuwa jirani wa kilima kimoja, mwenye lugha ileile, imani ileile, na mara nyingi aliyebatizwa katika parokia ileile. Anayehubiri upendo kwa adui mbele ya waumini wa Gitega au wa Muyinga anajua kwamba kwenye benchi moja wanaweza kuwa wamekaa mtoto wa aliyeuawa na mtoto wa aliyeua. Neno lake litapimwa na wote wawili kabla hawajafika nyumbani.

Katika makala haya ninamsoma padri na mshairi Michel Kayoya, aliyefanya kazi Muyinga na kuuawa Gitega mwaka 1972. Ninavyomsikia akitajwa, hutajwa zaidi kwa kifo chake kuliko kwa vitabu vyake: padri aliyekwenda kuuawa akiimba, mfano wa kusamehe. Nakubali kwamba ni mfano. Lakini vitabu vyake vinasema jambo gumu kuliko mfano huo. Hoja yangu ni kwamba, kwa Kayoya, upendo kwa adui huanza pale mtu anapokataa kujidharau na kulitaja kosa kwa jina lake. Ukiziruka hatua hizo mbili na kukimbilia wimbo wa mwisho, kinachobaki ni unyonge uliovishwa joho la utakatifu.

Mwandishi na njia yake

Kayoya alizaliwa mwaka 1934 huko Kibumbu, katikati ya nchi, sehemu iliyokuwa ya mkoa wa Muramvya. Mwaka 1968 Presses Lavigerie ya Bujumbura ilichapa kitabu chake cha kwanza, Sur les traces de mon père, ambacho kwa Kiswahili ningekiita Katika nyayo za baba yangu. Muda mfupi baadaye kilifuata Entre deux mondes, Kati ya dunia mbili. Mwaka 1973, mwandishi akiwa amekwisha kuuawa, East African Publishing House ya Nairobi ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha kwanza, na hivyo sauti yake ikasikika nje ya nchi zinazosoma Kifaransa.

Kwa upande wa fani, kitabu hicho kinawasumbua wanaopenda kugawa tanzu kwa rula. Ni nathari iliyokatwakatwa kuwa mistari mifupi, karibu na shairi huru, yenye hoja za insha na mapigo ya sala. Nafsineni ni kijana Mrundi aliyepita katika shule za wamisionari, anayejua Kifaransa vizuri, na anayegundua kwamba elimu ileile iliyomwinua imemtenga na baba yake. Kichwa cha kitabu ndicho njia yake: anarudi nyuma kutafuta nyayo ili ajue aelekee wapi.

Jimbo la Muyinga lilianzishwa mwaka uleule wa 1968, na Kayoya alikuwa akilitumikia jimbo hilo alipokamatwa. Aliuawa Gitega tarehe 17 Mei 1972 na kutupwa pamoja na wengine katika kaburi la pamoja. Barabara itokayo Muyinga kwenda Gitega hupita Karusi na kuuvuka mto Ruvubu. Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja katika mkoa wa Karusi, karibu na mto huo, na kutangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2019, Kanisa Katoliki la Burundi lilikuwa limefungua mchakato wa kumtangaza Kayoya kuwa mfiadini, pamoja na wanaseminari 40 wa Buta waliouawa tarehe 30 Aprili 1997 baada ya kukataa kutenganishwa Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine.

Nayataja haya mapema kwa sababu yanabadilisha usomaji. Mtu akiisha kuwa mfiadini, ni rahisi vitabu vyake kusomwa kama maelezo ya chini ya picha yake. Mimi napendekeza tufanye kinyume: tusome kwanza alichoandika, kisha turudi kwenye kifo.

Kejeli kabla ya msamaha

Sehemu ya kitabu iliyopata umaarufu kuliko zote ni ile inayohusu mkutano wa Berlin. Kayoya anaitaja tarehe, 1885, kisha anaorodhesha kwa utulivu fadhila za waliokuja: walituonea huruma, wakaja kututoa katika dhiki yetu, wakaja kutuelimisha, wakaja kutustaarabisha. Hakuna tusi hata moja katika orodha hiyo. Inasomeka kama risala ya shukrani mbele ya mgeni rasmi, na hapo ndipo makali yake yalipo. Kila fadhila inayoongezwa inamfanya msomaji azidi kuuliza: nani aliwaomba? Na mwandishi anatukumbusha kwamba hakuna aliyeulizwa.

Kisha mhimili wa kejeli unahama kutoka Berlin hadi darasani. Kinachomchoma nafsineni kuliko mgawanyo wenyewe ni kwamba alifundishwa tarehe hiyo kama somo. Alitakiwa kuikariri, kujua waliotia saini, na kuijibu vizuri. Mtu akikudharau, unaweza kupita na kumwacha. Akikufundisha kujidharau, na ukapata alama nzuri kwa kujidharau huko, jeraha limeingia ndani.

Hapa namwona Kayoya kama mwanateolojia kuliko katika mistari yake yoyote ya sala. Adui, kwa uchambuzi huu, ana kazi mbili. Ya kwanza ni kukunyang'anya: ardhi, mali, uhai wa ndugu. Ya pili ni kukuaminisha kwamba ulistahili kunyang'anywa. Kazi ya pili hudumu baada ya adui mwenyewe kuondoka. Basi mtu aliyekwisha kukubali kazi hii ya pili, akiambiwa ampende adui yake, atampenda kwa namna gani? Atamnyenyekea. Atatabasamu kwa hofu na kuiita hofu hiyo upole wa Kikristo.

Ndiyo maana kejeli ya Berlin inakuja kabla ya maneno ya upendo na udugu ambayo kitabu kinayajenga baadaye. Kwa kucheka namna ile, nafsineni anasimama wima tena. Wahakiki wanaoisoma sehemu hii kama hasira ya ujana ambayo padri aliishinda baadaye kwa imani, naona wamepotea. Kejeli ni hatua ya kwanza ya imani hiyo. Asiyeweza kusema «hili lilikuwa ovu» hana kitu cha kusamehe.

Ubuntu, utu, na neno bure

Baada ya kukataa kujidharau, Kayoya anamrudia baba. Anazitafuta tunu za Kirundi ambazo shule haikumfundisha, zikiwamo ubuntu na ubupfasoni, yaani adabu ya mtu muungwana wa moyo. Hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kusema, kwa sababu ugumu wa kulitafsiri neno moja unatufunulia hoja nzima.

Katika Kirundi, ubuntu ni nyumba yenye vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni utu, ubora wa kuwa mtu. Cha pili ni ukarimu: mwenye ubuntu ni yule ambaye mkono wake hauna ngumi. Cha tatu ni neema, kwani katika Biblia ya Kirundi neema ya Mungu huitwa ubuntu. Tena kitu kinachotolewa pasipo malipo hutolewa ku buntu. Mrundi anayepewa mbegu au dawa ku buntu anapokea, kwa neno hilohilo, utu wa aliyempa.

Kiswahili kimevitenga vyumba hivi. Tuna utu, tuna ukarimu, tuna neema, na kwa kinachotolewa pasipo malipo tuna bure. Neno hili la mwisho lina mtego. Bure ni kisicholipiwa, na bure ni kisicho na maana pia. Kazi bure ni kazi iliyopotea. Mtu bure ni mtu asiye na thamani. Kwa hiyo nikisema kwa Kiswahili kwamba Mkristo humsamehe adui yake bure, sentensi yangu ina milango miwili. Yaweza kumaanisha kwamba amesamehe kwa neema, bila kudai fidia ya moyo. Yaweza pia kumaanisha kwamba amejisumbua tu.

Nadhani mtego huu wa Kiswahili unamweleza Kayoya kuliko tafsiri laini ingeweza kufanya. Msamaha wa aliyekubali kuwa mtu bure ni msamaha wa bure kwa maana mbaya. Haumgharimu chochote, kwa kuwa anajiona hana cha kupoteza, na haumpi adui chochote, kwa kuwa adui anauona kama haki yake. Msamaha wa mwenye ubuntu ni zawadi, kwa sababu mtoaji anajua thamani ya alichonyang'anywa na thamani ya anachotoa. Kwa nje vitendo hivi viwili vyaweza kufanana: mkono uliotolewa, chakula kilichogawanywa, kesi iliyoachwa. Kwa ndani vinatofautiana kama mchana na usiku.

Mfano wa Msamaria katika Injili ya Luka unaliunga mkono jambo hili. Sisi wasikilizaji huwa tunajiweka katika nafasi ya Msamaria, mtoaji. Lakini Yesu alikuwa akimjibu mwanasheria wa Kiyahudi, na kwa Myahudi huyo Msamaria ndiye adui. Anayeombwa kujitambua yumo shimoni, anahudumiwa na mtu ambaye asingemwalika nyumbani. Na huduma ile ina hesabu: mafuta, divai, mnyama wa kupanda, dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi ya kulipa zaidi atakaporudi. Ukarimu kwa adui una bei inayojulikana. Una upande wa pili pia, ambao tunausahau: kukubali kwamba adui naye anaweza kukutendea jema, na kulipokea bila kujiona umechafuka.

Adui wa mbali na adui wa karibu

Mpaka hapa nimemtetea Kayoya. Sasa niseme panapopungua.

Adui anayechorwa kwa wino mzito katika vitabu vyake ni adui wa mbali: mgawaji wa Berlin, mwalimu mwenye dharau, itikadi za kigeni zinazompima mtu kwa tumbo lake au kwa uzalishaji wake. Adui wa karibu hana uso ulio wazi kiasi hicho. Na hakukosekana. Oktoba 1965, baada ya jaribio la mapinduzi, damu ilimwagika katika mkoa wa Muramvya alikozaliwa, na viongozi wengi wa Kihutu waliuawa. Mwishoni mwa 1969 maofisa wa jeshi wa Kihutu walihukumiwa na kupigwa risasi. Mwandishi aliyeweza kuitazama Berlin usoni na kuicheka anazungumza kwa sauti ya chini anapoifikia nyumba yake mwenyewe. Anasema Warundi, anasema vijana, anasema Afrika, na anatumaini kwamba tunu za baba zitatosha kuwashika wote.

Mtu anaweza kumtetea kwa kusema kwamba padri alikuwa akichunga kundi lenye pande zote mbili, au kwamba katika Burundi ya Micombero maneno ya wazi yalikuwa na hatari yake. Sababu hizo naziheshimu. Hata hivyo uhakiki unapaswa kusema kinachokosekana katika matini: sura ya adui wa karibu haikuandikwa.

Historia ikaiandika kwa mkono mwingine. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini, hasa Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ikajibu kwa kuwageukia Wahutu wa nchi nzima, ikianza na waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wauguzi, askari, mapadri. Waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Angalia ni nani waliotafutwa. Walikuwa watu wa aina ya nafsineni wa Kayoya, wale waliokariri tarehe ya 1885 darasani. Walioandika orodha za majina nao walikuwa wamekaa katika madarasa hayohayo.

Kwa kuwa sura ya adui wa karibu haimo vitabuni, wasomaji tumeitafuta katika kifo. Wapo wanaosimulia kwamba Kayoya alikwenda kuuawa akiimba na kuwatia moyo wenzake. Simulizi hiyo ni nzuri, nami sina haja ya kuipinga. Ninachohofia ni matumizi yake. Wimbo wa marehemu hauna ulinzi. Kila mtu anaweza kuuimbisha anavyotaka. Baada ya 1972 familia za waliouawa ziliishi miaka mingi bila kaburi la kulilia na bila ruhusa ya kulia hadharani. Mtu akimwendea mjane wa namna hiyo na kumwambia, tazama, padri alisamehe akiimba, nawe nyamaza, atakuwa ameligeuza neno la upendo kuwa kufuli. Atakuwa amemsaidia adui katika ile kazi yake ya pili.

Waliosema na waliokutana

Ili kuona kwamba kusema ovu na kumpenda aliyelitenda vinaweza kukaa katika kinywa kimoja, tubaki Gitega na tusogee mbele miaka 24. Tarehe 20 Julai 1996 watu zaidi ya 300, wengi wao Watutsi waliokimbia makwao, waliuawa katika kambi ya Bugendana, mkoani Gitega. Askofu mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, ndiye aliyeongoza mazishi. Mbele ya majeneza na umati wenye ghadhabu, alilaani mauaji yale kwa maneno makali yaliyoelekezwa kwa wauaji wenyewe. Hakusema kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo aliviziwa njiani akielekea Gitega, akauawa.

Mahubiri ya mazishi yale ni matini pia, nasi wanafunzi wa fasihi simulizi tunapaswa kuyatazama hivyo. Kumwambia muuaji kwamba amefanya uovu ni kumchukulia kama mtu bado, mwenye masikio na mwenye uwezo wa kugeuka. Hakuna anayemkemea fisi. Anayenyamaza mbele ya muuaji kwa jina la upendo huenda amekwisha kumfuta katika hesabu ya watu. Kwa maana hiyo laana ya Ruhuna ilikuwa na ubuntu ndani yake, nayo ni ile sura ya adui wa karibu ambayo Kayoya hakuiandika.

Kuna matini nyingine ya kulinganisha, kwa sababu mwandishi wake aliishi. David Niyonzima ni mchungaji wa kanisa la Marafiki, yaani Waquaker. Mwaka 1993, alipokuwa akifundisha huko Kwibuka, askari walivamia na kuwaua wanafunzi wake, naye akanusurika kwa kujificha. Katika kitabu alichokiandika pamoja na Lon Fendall mwaka 2001, Unlocking Horns, taswira kuu ni ya pembe zilizonasana, ambapo hakuna mnyama anayeweza kujitoa peke yake. Anasimulia jinsi alivyokuja kukutana na mmoja wa waliohusika na kumsamehe. Kisanaa, kitabu hiki hakiifikii lugha ya Kayoya. Lakini kina kitu ambacho simulizi ya mfiadini haiwezi kuwa nacho: siku inayofuata. Aliyesamehe anaamka kesho yake, anakutana na ndugu wa waliokufa, anaulizwa kwa nini, na lazima ajibu.

Hukohuko mkoani Gitega kuna Kibimba, kando ya barabara ya Bujumbura. Tarehe 21 Oktoba 1993, siku Rais Melchior Ndadaye alipouawa, wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walichomwa moto hapo katika kituo cha mafuta, na leo pana mnara wa kumbukumbu unaosema kwa Kifaransa kwamba jambo hili lisitokee tena. Mwaka uliofuata, 1994, Wakristo wa misheni ya Kibimba walianza kamati ya amani yenye watu wa pande zote, wakakaa pamoja kujadili hospitali na shule vifunguliwe vipi. Jambo hili halina mvuto wa kishairi. Ni mikutano, madawati, funguo, na nani atalala wapi. Lakini nikiulizwa ukarimu kwa adui unafananaje, nitaonyesha mnara na kamati kwa pamoja. Mnara bila kamati unaweza kuwa chombo cha kisasi. Kamati bila mnara inawaomba waliofiwa wajifanye wamesahau.

Pingamizi mbili

Wasomaji wa makala haya wanaweza kunipinga kwa njia mbili.

Wa kwanza atasema kwamba kutaja makosa kunafukua vidonda, na kwamba Burundi imechoka. Pingamizi hili lina uzito. Tumeona majina yakitajwa ili kuwasha moto. Tena kila upande una tarehe zake, 1972 kwa hawa na 1993 kwa wale, na kila upande huweza kuirusha tarehe yake kama jiwe. Jibu langu ni kwamba jiwe hurushwa pale mtu anapokumbuka tarehe moja tu. Kanisa lilipowaweka Kayoya wa 1972 na wanaseminari wa Buta katika mchakato mmoja, lilitufundisha namna ya kukumbuka ambayo haimwachi mtu na kaburi la upande wake pekee.

Wa pili atasema kinyume: msamaha unaotangulia toba ni wa rahisi mno, na adui asiyekiri hastahili ukarimu. Huyu yuko karibu nami, lakini anachanganya mambo mawili. Mahakama hutazama anachostahili mtu, na mahakama zifanye kazi yake. Ukarimu, kwa maana ya neno lenyewe, hautoki kwenye kustahili. Ungetoka huko tungeuita mshahara. Kumlisha adui mwenye njaa hakufuti kesi yake. Kunamnyima tu uwezo wa kuamua mimi niwe mtu wa namna gani, na huo ndio uwezo ambao Kayoya, tangu somo la Berlin, alikataa kumkabidhi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba vitabu vya Kayoya vinatoa mpangilio: kwanza kukataa kujidharau, kisha kulitaja kosa, kisha kutoa. Nimeonyesha pia kwamba mpangilio huo aliutumia kwa ukamilifu dhidi ya adui wa mbali, na kwamba kwa adui wa karibu tunahitaji kuwasoma wengine pamoja naye: Ruhuna aliyesema mbele ya majeneza, Niyonzima aliyeishi kusimulia, na watu wa Kibimba waliofungua tena milango ya shule.

Kwa sisi wa Kiswahili ipo kazi ya kufanya. Naomba tuitafsiri sehemu ile ya Berlin, na atakayeitafsiri asilainishe kejeli yake kwa kuona haya mbele ya mwandishi anayesubiri kutangazwa mtakatifu. Akifika kwenye neno ubuntu, asitosheke na utu peke yake. Aandike utu mahali pamoja, ukarimu mahali pengine, na mahali pamoja angalau athubutu kuandika bure, halafu sisi darasani tubishane kama amekosea. Tuisome tafsiri hiyo Gitega na Muyinga, mbele ya watoto wa pande zote, ukurasa wa 1885 kwanza, kisha habari za 1972, kisha za 1993. Na kwenye usemi ule wa adui na njaa, mwalimu aongeze swali moja la mtihani: baada ya kumwombea njaa, ikimshika kweli akabisha hodi mlangoni, utamwambia nini?